Milioni 19 za Mafuta na Safari: Tulivyozithibitisha Mbele ya Afisa wa Kodi

Kwenye hesabu zetu za mwaka 2024 kulikuwa na mstari ulioandikwa "mafuta na usafiri", na mbele yake shilingi milioni 19. Barua ya ofisi ya kodi ilipokuja kutaka vielelezo, mishahara ilipita, pango la karakana likapita, mstari ule ndio ukazungushiwa.

Anayejua kazi yetu hawezi kushangaa kwa nini mafuta ni mengi. Sisi ni mafundi wa mizani hapa Mtwara, kusini mwa Tanzania. Kaka yangu ndiye fundi, ana leseni ya Wakala wa Vipimo. Mimi nashika fedha na makaratasi. Wateja wetu wengi ni AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, na AMCOS ziko kule korosho zilipo: Nanyamba, Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu, na upande wa Lindi kuna Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mizani ya kupimia magunia haiji mjini kutafuta fundi. Fundi ndiye anaifuata, tena kwa haraka, maana ikiharibika katikati ya msimu wakulima wamejipanga ghalani na mnada unasubiri mzigo. Kabla ya msimu, kuanzia Julai hivi, kila katibu anataka mizani yake itengenezwe ili Wakala wa Vipimo wakija kuhakiki isikwame.

Kampuni hulipa kodi ya asilimia 30 ya faida. Milioni 19 zikikataliwa zote zinarudi kwenye faida, na kodi inapanda kwa milioni 5 na laki 7, bado riba. Kwa kampuni ya watu wawili na vijana wa kusaidia, hiyo ni pesa ya kufunga karakana.

Niseme mapema haya yanamhusu nani. Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 100, na analipa kodi kwa kufuata mauzo, hapunguzi gharama yoyote. Anaweza kutunza risiti za mafuta mpaka zijaze gunia na kodi yake isibadilike. Mwajiriwa naye hana mahali pa kupunguza mafuta yake kwenye PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara. Msaada wake ni mwajiri kumrudishia alichotumia kwa safari ya kazi, na marejesho hayo, yakiwa ni ya gharama halisi tu, hayahesabiwi kuwa kipato. Tunaoguswa ni kampuni na watu wanaopeleka hesabu kamili.

Mpwa wangu aliyeko chuo aliponiona nahangaika akanitumia maelezo aliyoyapata kwenye intaneti: chukua umbali, zidisha kwa kiwango, maliza. Maelezo ni sahihi, ila ni ya kwao. Marekani kiwango cha mwaka 2024 kilikuwa senti 67 kwa kila maili ya kazi. Uingereza ni peni 45 kwa maili 10,000 za mwanzo na peni 25 kwa zinazofuata. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato haina kiwango cha namna hiyo. Kifungu cha 11 kinaruhusu gharama iliyotumika yote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato tu. Maana yake unaonyesha pesa halisi iliyotoka, halafu unaonyesha kwamba ilitoka kwa ajili ya kazi. Hayo ni mambo mawili, na watu wengi, mhasibu wetu wa kwanza akiwemo, hulishughulikia la kwanza na kulisahau la pili. Hata hivyo kuna kitu nilikichukua kwenye maelezo ya Marekani, kwa sababu kinafaa popote: wanataka tarehe, mahali, sababu na umbali, na viandikwe safari ikiwa bado ya moto, siyo mwaka ukishafungwa.

Tukianza na pesa. Mafuta bila risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ni kama hukununua. Kwenye vituo vingi pampu yenyewe imeunganishwa na mashine na risiti inatoka hapo hapo, lakini inatoka haina jina. Lazima umwambie mhudumu aingize jina la kampuni, TIN (namba ya mlipakodi) na namba ya gari kabla hajaanza kujaza. Ukishalipa ndipo ukumbuke, ataangalia foleni iliyo nyuma yako halafu atakuangalia wewe. Tangazo la TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, la "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" linasikika kila mahali, ila halikufundishi kwamba unayoidai inatakiwa iwe na jina lako.

Risiti zetu nilizipanga mafungu matatu mezani. Zenye jina na namba ya gari, hizo hazikuwa na mjadala. Zisizo na jina zilikuwa nyingi, na hatima yake ilitegemea mambo mengine nitakayoyaeleza. Fungu la tatu lilikuwa karatasi nyeupe. Zile karatasi za mashine hazipendi joto, na kaka alikuwa akiziweka juu ya dashibodi, kwenye jua la Mtwara. Baadhi tuliziokoa: ukiweza kusoma namba ya uhakiki na saa ya mauzo, unaingiza kwenye ukurasa wa TRA wa kuhakiki risiti na ile risiti inatokea nzima. Kwingine kiasi cha fedha kilisomeka na lita zimefutika. Hapo nilitumia bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, ambazo hutangazwa kila mwezi na Mtwara ina bei yake, nikagawanya kupata lita. Afisa alikubali hesabu hiyo kwa ajili ya kulinganisha matumizi ya gari, siyo badala ya risiti. Siku hizi kila risiti inapigwa picha kwa simu pale pale pampuni kabla gari halijawashwa.

Kuna kituo kimoja huko wilayani ambacho kila tukifika mashine ni mbovu na tunaandikiwa kwa mkono. Risiti zake zote zilikataliwa. Sikubishana. Tulihama kituo.

Afisa aliyeshika faili letu alikuwa kijana mpole, anasoma polepole, haongei sana. Aliinua risiti moja akaniuliza, "Dada, tangi la gari hili linaingia lita ngapi?"

Nikamwambia themanini.

Akanisogezea. Risiti ilikuwa ya lita 104.

Hakukuwa na wizi. Kaka akienda vijijini hujaza na dumu la jenereta, kwa sababu kuna maghala hayana umeme wa uhakika na yeye anahitaji kuchomelea. Nikaeleza. Akaitikia kwa kichwa. "Jenereta ya kazi ni gharama ya kazi, sibishi. Ila kwenye orodha ya mali za kampuni sioni jenereta." Na kweli haikuwemo, ilinunuliwa mkononi kwa mtu, bila karatasi. Kwa hiyo lita zote zilizozidi tangi, kwenye kila risiti ya aina hiyo, zilikatwa. Sasa dumu lina risiti yake peke yake, na jenereta mpya tuliyonunua ina risiti na imo kwenye orodha.

Baada ya hapo akaingia kwenye kilomita. Alijumlisha lita, akakadiria gari la dizeli la aina ile linakwenda kilomita ngapi kwa lita, akapata kama kilomita 36,000 kwa mwaka. "Gari limetembea hizo?" Jibu lilitoka gereji, mahali ambapo sikupafikiria. Gereji yetu hubandika kikaratasi kila wanapobadilisha oili na kuandika kwenye daftari lao namba iliyopo kwenye odometa. Mwenye gereji alinitolea nakala. Zilionyesha kama kilomita 31,000. Tofauti ile ililingana kwa karibu na lita za dumu, na sehemu nyingine niliifafanua kwa hali ya barabara: ukitoka Mtwara kwenda Tandahimba, lami ya kilomita 50 inaishia Mnivata, na baada ya hapo, ujenzi ukiendelea na mvua zikiwepo, gari linakula mafuta kwa namna ambayo hakuna kitabu cha mtengenezaji kinachoisema. Ushahidi wa gereji ulikuwa na nguvu kuliko maneno yangu kwa sababu uliandikwa na mtu ambaye hakuwa na habari na kodi yetu.

Hilo ndilo nililoliona kwenye mchakato mzima. Karatasi ulizoandika wewe mwenyewe zina uzito mdogo mpaka karatasi ya mtu mwingine izishike mkono.

Swali la mwisho ndilo lililokuwa zito: safari hizi zilikuwa za nini? Kuanzia Agosti tulikuwa na daftari la safari na kadi za kazi. Kadi ya kazi ni karatasi fupi: mizani gani, imeonekana na tatizo gani, imefanyiwa nini, katibu anasaini na kugonga muhuri wa AMCOS. Afisa alichukua daftari, akachagua safari ya Masasi, akataka kadi yake, akataka ankara yake, akataka kuona malipo yameingia benki. Vyote vilikuwepo. Akachagua nyingine, ya Nachingwea. Vikawepo. Akaacha kuchagua, akapitisha kipindi chote cha Agosti mpaka Desemba, hata zile risiti zisizo na jina, kwa sababu tarehe, kituo na safari vilikuwa vinaoana.

Januari mpaka Julai hakukuwa na daftari. Kulikuwa na ankara, ndiyo, lakini ankara yetu ya zamani ilikuwa na tarehe ya kudai pesa, na hiyo inaweza kuwa mwezi mzima baada ya kazi. Mafuta yamenunuliwa tarehe 3, ankara ni ya tarehe 29. Nani atasema yanahusiana?

Kilichotuokoa ni kitabu cha wageni. Kila ofisi ya kijiji, kila ghala, kila AMCOS ina kitabu hicho mezani, na ukiingia lazima usaini: tarehe, jina, unakotoka, shughuli iliyokuleta. Tunasaini kwa mazoea na tunasahau. Nilifunga safari, nikazunguka kwenye AMCOS ambazo kaka alizihudumia miezi ile, hasa za upande wa Ruangwa na Nachingwea ambako msimu wa ufuta ndio ulikuwa umempeleka. Nilibeba barua ya kampuni yenye muhuri inayoeleza ninachotaka na kwa nini, kwa sababu huwezi kuingia kwenye ofisi ya watu ukaanza kupiga picha vitabu vyao. Wengi walinipokea vizuri. Katibu mmoja, mzee wa makamo, alifunua kurasa mpaka akaufikia mwandiko wa kaka, akaugonga kwa kidole. "Huyu hapa. 'Kutengeneza mizani.' Na kalamu aliyosainia ilikuwa yangu, mwambie bado naidai."

Sehemu mbili sikufanikiwa. Moja kitabu kilikuwa kimejaa na kile cha zamani hakionekani; nyingine mwenyekiti alitaka kwanza kikao cha bodi, na muda wangu ulikuwa unaisha. Safari za huko zilikatwa.

Mwezi Mei ulikuwa na kisa chake. Afisa alikuta risiti za mafuta za Songea na Tunduru na akauliza, kwa haki kabisa, mteja wa Songea ni yupi. Hatuna mteja Songea. Kaka alikuwa Dar es Salaam kuchukua vipuri vya mizani za digitali, kimbunga Hidaya kikapita, mvua zikakata barabara ya kusini pale Somanga. Akarudi nyumbani kwa kuzunguka Makambako, Songea, Tunduru mpaka Masasi, zaidi ya kilomita 1,500 badala ya zile 560 tulizozoea. Risiti ya duka la vipuri ilikuwa na tarehe, habari ya barabara kukatika ilijulikana nchi nzima, na vituo vya mafuta vilifuatana barabarani kama vinavyotakiwa kufuatana. Ilipita yote. Ingekuwa imeandikwa kwenye daftari siku ile, "barabara imekatika, napita Songea", nisingetumia asubuhi nzima kuieleza.

Ya kuchekesha ilikuwa faini. Kaka aliandikiwa faini ya trafiki pale Mingoyo, shilingi 30,000, kwa mwendo. Mimi nilikuwa nimeiingiza kwenye gharama za usafiri. Ikatolewa palepale: sheria hairuhusu kupunguza faini za kuvunja sheria, hata kama ulikuwa unakimbilia mizani ya mteja. Lakini karatasi yake ilikuwa na tarehe, saa, mahali na namba ya gari, na safari ya siku hiyo haikuwa na kielelezo kingine chochote. Faini ikakataliwa, safari ikakubaliwa.

Mengine yalikwenda na maji, na sidai kwamba tulionewa. Kaka anaishi Mikindani, karakana iko mjini. Kwenda na kurudi kila siku ni safari ya mtu na nyumba yake, hata kama vifaa vya kazi vimo ndani ya gari. Safari moja ya Newala iliangukia kwenye jando la mpwa wetu. Kweli kaka alipita AMCOS asubuhi akaangalia mizani, lakini gari lilikaa huko siku za sherehe na risiti za mafuta zilikuwa za siku za sherehe. Tulikubali wenyewe kuitoa, na nadhani kukubali kule kulitusaidia kwenye mambo mengine. Bodaboda na bajaji zilipunguzwa karibu zote. Dereva wa boda hana EFD, na vocha zangu za fedha ndogo ndogo zilikuwa zimeandikwa "nauli" tu. Ningeandika kutoka wapi kwenda wapi, kwa kazi ya nani, na dereva akasaini na kuweka namba yake ya simu, pengine kiasi kingepona.

Ngumu kuliko zote ni safari isiyozaa ankara. Umeitwa Liwale, umekwenda, umekagua, umetoa bei, mteja kasema atafikiria. Hiyo nayo ni safari ya kutafuta mapato. Bila ankara, unaithibitisha kwa profoma, yaani karatasi ya bei uliyompa mteja kabla ya kazi, yenye tarehe na kwa meseji za kuitwa. Meseji za WhatsApp za kaka nilizichapisha, zikakubaliwa. Za simu aliyokuwa ameibadilisha hazikuwepo tena.

Kuhusu utaratibu wenyewe: haya yote hayakufanyika kwa kikao kimoja. Mwanzoni tulipewa muda mfupi wa kujibu, tukajibu nusu nusu, na tathmini ikatoka ikiwa imekataa mstari mzima. Ukipata tathmini kama hiyo una siku 30 za kuweka pingamizi, na ili lipokelewe unatakiwa ulipe theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa au kiasi usichokibishia, kile kilicho kikubwa. Kwetu theluthi ilikuwa milioni 1 na laki 9. Unaweza kuomba kusamehewa au kupunguziwa amana hiyo kwa sababu za msingi, lakini ombi lifike ndani ya muda. Sisi tulilipa, kwa mkopo wa kikoba cha mama. Kwenye pingamizi ndipo niliweka picha za vitabu vya wageni, daftari la gereji, kadi za kazi, vyote vimepewa namba na jedwali moja linalosema: safari hii, risiti hii, kazi hii, malipo haya. Jedwali lile lilinichukua usiku nyingi, na ndilo afisa alilolitumia. Makaratasi mengine aliyafungua pale tu jedwali lilipomtia shaka. Maamuzi ya pingamizi yasingeturidhisha, tungekuwa na siku nyingine 30 za kwenda Bodi ya Rufaa za Kodi, na huko pia mzigo wa kuthibitisha ungekuwa wetu.

Hatukufika huko. Katika milioni 19, zilikataliwa milioni 7 na laki 2. Kodi yake ni milioni 2 na laki 1 na ushee, na sehemu kubwa ilikuwa imeshalipwa kama amana. Ongeza riba, ongeza malipo ya mshauri wa kodi aliyenisomea pingamizi kabla sijalipeleka, ongeza mafuta ya kuzunguka kutafuta vitabu vya wageni, ambayo, naam, yana risiti yenye jina.

Sasa daftari linakaa kwenye gari, limefungwa kwa kamba. Odometa wakati wa kutoka, odometa wakati wa kurudi, wapi, kwa nani, kazi gani, namba ya kadi ya kazi. Ankara inabeba tarehe ya kazi na namba ya kadi hiyo hiyo. Desemba 31 na Januari 1 odometa inapigwa picha. Ijumaa mimi nahamishia kila kitu kwenye kompyuta, na kaka asipokuwa amejaza, hapati pesa ya mafuta ya Jumatatu. Alilalamika sana mwanzoni. Makaratasi ya 2024 yamefungwa kwenye boksi, kwa sababu kumbukumbu zinatakiwa kutunzwa miaka mitano.

Siku ya mwisho, tukiwa tunaagana, yule afisa aliuliza swali ambalo nilidhani ni la mazungumzo tu: "Gari linalala wapi?" Nikamwambia kwa kaka, Mikindani. Akaniambia nikasome Jedwali la Tano la Sheria ya Kodi ya Mapato. Nikasoma. Gari ambalo kampuni inadai gharama zake, akilitumia mfanyakazi kwa mambo yake binafsi, ni maslahi ya ajira. Kwa injini iliyozidi cc 2,000 (ukubwa wa injini) hadi 3,000 na gari lililozidi miaka mitano, inaongezwa shilingi 500,000 kwa mwaka kwenye kipato chake. Kaka aliposikia akasema basi kuanzia leo gari litalala karakana na yeye atapanda bajaji. Mpaka naandika haya bado linalala Mikindani, na ile laki tano imo kwenye hesabu ya PAYE yake.